Mchora mabango wa Awindiri na macho ya mama mkwe

KOBOKO – Saa mbili asubuhi, soko halijachangamka, Ezati yuko juu ya ngazi mbele ya duka la Zubeiri, fundi cherehani. Anachora suruali. Mguu umepanuka chini kama vijana wanavyotaka siku hizi, na Zubeiri, aliyesimama mikono kiunoni, anataka upanuke zaidi. Ezati anacheka, anachovya brashi, anaupanua.

Ukiona samaki ukutani mwa hoteli pale Arua, au simba kwenye mlango wa lori, usijisumbue kuuliza nani kachora. Ni huyu. Ana miaka thelathini na minane, anaishi mtaa wa Awindiri, pale pale Arua, na mkewe Candia, na kila siku ya gulio hudandia lori kuja Koboko.

Kazi ipo, taabu ni rangi. Tangu mwaka 1973 maduka yalipoanza kukauka, makopo huletwa na madereva wanaotoka Zaire, na huweza kupita mwezi mzima bila bluu. "Mwezi hiyo samaki yote inakuwa nyekundu," asema, bila dalili ya kuona haya.

Lakini gumzo la Awindiri wiki hizi si samaki. Ni safari ya Kampala.

Mama mkwe wake, Drateru, mkulima mjane wa Manibe, anapoteza macho. Ni usubi, ule ugonjwa unaoletwa na vijiinzi vya mtoni. Ezati aliwahi kufanya kazi Kampala ujanani, mji anaujua. Akaamua ampeleke hospitali, na kama madaktari watashindwa, basi angalau mama aone mji mkubwa mwanga ukiwa bado upo.

Wazo zuri, ila lilikuwa na mwiba ndani yake. Kwa Walugbara, mwanamume na mama wa mkewe hawatazamani usoni. Hawali pamoja, hawakai chumba kimoja. Ndiyo heshima yenyewe. Ezati ameoa kwa Drateru miaka kumi na minne, na katika miaka yote hiyo bibi hajapata kumtazama usoni.

Basi kwenye basi Ezati alikaa mbele karibu na dereva, wanawake wakakaa nyuma kabisa. "Mimi nilikuwa simu," asema Candia. "Bwana anasema neno, mimi napeleka. Mama anajibu, mimi narudisha. Mpaka mguu inauma."

Kampala, daktari alikuwa mpole na mkweli. Macho hayatarudi, na mwanga uliobaki utazidi kupungua. Drateru aliuliza tu kama bado kuna muda wa kuona mji, kisha akajifunga vizuri kitambaa chake cha kichwa, wakaondoka.

Wakazunguka. Stesheni ya treni, majumba marefu, kanisa kubwa la kilimani, jumba la makumbusho lenye ngoma za kila kabila. Ezati alitangulia chumba kimoja mbele. Akishatoka kwa mlango wa pili, ndipo wanawake wanaingia. Mara moja alitangulia mno, wakamtafuta mpaka walinzi wakaanza kufunga madirisha.

Mambo yalikwama kwenye nyumba ya maonyesho ya picha za kuchorwa. Ilikuwa na chumba kimoja na mlango mmoja. Ezati aliingia peke yake, akatazama mpaka akasahau alikuja na nani, kisha akatoka kuwapisha. Ndani, Drateru aliona madoa ya rangi tu. Candia alijitahidi kumweleza: hii ng'ombe, hii mti, hii mtu. Bibi akachoka. Akamwambia binti yake amwite mumewe, asimame mlangoni, awape mgongo.

Ezati akasimama akitazama barabara, akaanza kueleza picha kwa kumbukumbu, kila neno akilipitisha kwa mkewe ingawa wote watatu walisikiana vizuri kabisa. Candia, mwambie mama ng'ombe wanashuka kilima chekundu. Candia, mwambie wa mbele ana pembe moja, na mchungaji amemwekea mkono mgongoni. Bibi naye akauliza, kupitia Candia, vumbi lina rangi gani. Mlinzi aliyekuwa pale alidhani ni watu wa nyumba moja waliogombana, akawasihi wapatane.

Walipomaliza ukuta wa mwisho, Drateru alisema neno ambalo Ezati hulirudia akiwa ameweka brashi chini.

"Alisema, 'Candia, ambia yeye. Miaka yote nasikia yeye iko nachora. Mimi sijaona hata moja.'"

Kweli hakuwa ameona. Heshima ilimzuia kukanyaga ua wa mkwe wake, na mjini Arua alikwepa kila mtaa alikosikia anafanya kazi. Ezati alilia pale mlangoni, uso ukiwa bado barabarani, na asiyeelewa kwa nini na amwache.

Gazeti hili lilimkuta Drateru kwake Manibe akipepeta mtama. Ukuta wa nyumba yake unaotazama njia umepakwa udongo mpya. Ezati atauchora Jumapili, wanawake wakiwa kanisani. Kila mstari atauinua kwa udongo na mchanga kabla ya kutia rangi, ili macho yakikoma, mkono uendelee.

Yeye alidhani mama atataka Kampala, na tayari alikuwa akipanga stesheni na majumba. Candia akarudi na jibu lingine. Mama anataka uso wa Ezati.

Majirani wengine wanaguna. Drateru haoni kosa.

"Kuangalia yeye, hapana, hiyo ni heshima," asema. "Lakini ukuta hapana mutu. Ukuta nitaangalia, nitashika. Huyu mutoto ameonyesha mimi Kampala yote, na mimi sijui sura yake."

Ezati amenunua kioo, na anakiri kwamba katika watu wote aliowahi kuchora, huyu wa kwenye kioo ndiye anayemtia hofu. Anaomba jambo moja tu.

"Mungu aache hiyo mwanga mpaka Jumapili. Aone mara moja na macho. Mkono itajifunza pole pole."