Kura Iliyoangukia Mlango wa Hawa

Léontine alipowaambia wenzake kwamba uchunguzi wake wa kumaliza masomo ataufanyia Wamaza, darasa zima liliangua kicheko. Hawakumcheka kwa ubaya. Pale Kasongo, wanafunzi wa afya ya jamii walikuwa na desturi ya kuchagua mitaa ya karibu na hospitali, mtu aende asubuhi na kurudi kabla bugali haujapoa. Wamaza ni Kabambare huko, na barabara yake huvunja pikipiki na wapanda pikipiki vilevile.

"Maman, unatafuta diplome ao unatafuta kifo?" aliuliza Glody, aliyekuwa mdogo kuliko wote.

Walimwita Maman kwa sababu alikuwa amewazidi umri. Kila asubuhi aliwaacha watoto wake na mume wake Nathanaël, mwalimu wa shule ya msingi, akaja kukaa dawati moja na vijana. Siku hiyo alicheka pamoja nao, lakini sababu ya kuchagua Wamaza hakuitoa.

Sababu ilikuwa ya zamani. Akiwa msichana bado, aliolewa Wamaza na Amuri, mfanyabiashara wa chumvi na vitenge. Wakapata mtoto, Rehema. Mtoto alikuwa ndiyo kwanza anaanza kusimama bila kushika kitu surua ikamshika, naye hakuwa amechanjwa. Macho yakawa mekundu, kifua kikabana, na mama mkwe akasema ni joto tu, litapita. Halikupita. Baada ya matanga, mama mkwe huyohuyo akatangaza kwamba tumbo la Léontine lina mkosi. Amuri hakusema kitu, na kunyamaza kwake ndiko kulikomfungisha Léontine kitunga chake akarudi kwa baba yake. Haukupita muda akasikia Amuri ameoa mwanamke aitwaye Hawa. Tangu hapo hakukanyaga tena Wamaza.

Kwa hiyo alipokwenda kuonana na Prof François, aliyekuwa akimwongoza katika kazi yake, alikuwa na jibu tayari kabla ya swali.

"Eneo nimelikubali," alisema Prof François. "Sasa niambie, ni watu gani utawachunguza?"

"Watoto wale hawakuchanjwa surua, Prof. Niwaulize mama zao kwa nini."

"Basi umeisha kujijibu mwenyewe. Ukichagua wale hawakuchanjwa tu, utajuaje ni wengi ao ni wachache? Utajuaje kile kinawatenga na wengine?" Akamweleza polepole: watoto wote wa eneo waliotimiza mwaka mmoja na hawajafika miwili, hao ndio watu wake. Kwa kuwa hawezi kuwafikia wote, kura ichague vijiji, halafu kura ichague nyumba. "Na nyumba kura itaonyesha, njo ile. Hata kama ni ya adui yako."

Alisema vile kama mtu anayetupa methali, bila kujua imemwangukia nani.

Léontine alirudi nyumbani amenuna. Alikuwa anataka kwenda Wamaza kuwaonyesha kosa lao, na sasa anaambiwa aende mikono mitupu kama mgeni. Lakini jioni, akigeuza sombe, majani ya muhogo, jikoni, alimwambia Nathanaël: "Prof ana haki. Mtu akichota chini tu, kule chakula kimeshika moto, atasema chungu chote kimeungua."

Wakati wa mvua kupungua akapanda pikipiki akaenda. Majina ya vijiji yaliandikwa kwenye vipande vya karatasi, yakatiwa ndani ya sufuria mbele ya makapita wote, wakuu wa vijiji. Kila kapita aliomba kimoyomoyo chake kitoke, kwa maana habari ilikuwa imeenea kwamba kijiji kitakachotoka kitapewa vyandarua.

"Hakuna vyandarua, Baba Kapita," Léontine aliwaambia. "Iko maulizo tu."

Watu wakacheka, na mama mmoja muuza karanga akafumba macho, akaanza kuchota. Kijiji cha Amuri kikatoka katika vile vya mwanzo. Léontine alilisoma jina kwa sauti ileile aliyosomea mengine.

Alitembea na Roger, mjumbe wa afya wa pale, mwanamume wa makamo aliyewajua watu wote na mambo yao yote. Kila walipoingia kijiji walisimama katikati, Roger akazungusha bik, kalamu ya wino, juu ya kipande cha ubao, na upande ilikoelekea ncha yake ndio waliofuata, wakianzia nyumba ya kwanza. Katika kijiji kile bik ilizunguka, ikalegea, ikasimama. Roger aliinua macho kutazama ilikoelekea, akayateremsha haraka.

Kule mbele kulikuwa na nyumba ya mabati. Mwenyewe alikuwa Amuri.

"Maman Léontine," alisema Roger, "tuzungushe tena. Upepo njo umeisukuma."

Hata jani la mgomba halikuwa linatikisika. Léontine alikaa juu ya kinu kilicholazwa karibu na njia. Nyumba ya jirani ilikuwa na mtoto pia. Alimwona akichezea mchanga. Kuruka mlango mmoja, nani angemlaumu? Roger mwenyewe alikuwa amekwisha kugeukia huko.

"Ngoja, Roger," alisema akisimama. "Tukiruka mlango huu kwa sababu ya moyo wangu, basi tuandike kwamba tulichunguza moyo wangu, si Wamaza. Twende."

Hawa alitoka na unga wa muhogo mikononi. Alikuwa mwanamke mnene wa uso mpole, na alimtambua mgeni wake palepale, maana kijiji hakisahau.

"Ni weye," alisema.

"Njo miye, dada. Nimekuja kwa kazi. Kura imeonyesha nyumba yako. Unaweza kukataa, na hakuna mutu atakukasirikia."

Hawa alijipangusa mikono kwenye kitenge, akatoa viti. Amuri, alisema, alikuwa amekwenda Lusangi kwa wachimbaji wa madini, kuuza bidhaa. Ndiyo, mtoto wa umri ule alikuwapo, kitinda mimba, Fadhili. Akaletwa: mashavu yamejaa, kipande cha ndizi mkononi.

"Karti yake ya chanjo?"

"Panya waliikula."

Mama wengi husema vile, na Léontine alijua. Karti ikikosekana, neno la mama linaweza kupokelewa, kama anajua kueleza chanjo ilitolewa wapi, lini, na sehemu gani ya mwili. Furaha ndogo, ya uchungu, ilimpanda kifuani, akaona haya kuihisi: huyu naye hakumchanjisha. Nyumba hii haijajifunza kitu. Bik yake ikaanza kuelekea kwenye "hapana".

"Wapi alichomwa sindano ya surua?"

"Mukono wa kushoto, hapa juu. Alikuwa na miezi tisa. Siku ya kwanza nilivuka kijito, nikafika kule kituo cha santé, frigo ya chanjo imekufa, wakanirudisha. Nikarudi tena juma lililofuata. Maji ilinifika kiunoni, mutoto nikamuweka juu ya mabega. Sarah-Grâce njo alimuchoma, ule munganga wa santé mwenye mwanya wa meno."

Roger aliitikia kwa kichwa: ndivyo.

"Watu wa nyumba walikukubalia?" aliuliza Léontine.

"Mama mukwe alinikataza."

"Sasa kwa nini ulienda?"

Hawa alimtazama moja kwa moja. "Kwa sababu ya Rehema. Nilipofika hapa walinieleza tumbo lako njo lilimuua. Nikaogopa, nikaenda kuuliza munganga wa santé. Akaniambia: ile ilikuwa surua, na surua iko na chanjo. Tangu ile siku nikaapa. Hakuna mutoto wangu hajachomwa, dada. Hakuna hata moja."

Bik ilisimama. Kuku walipita kati ya viti. Kisha Léontine akaandika "ndiyo", na machozi yakamshuka bila yeye kuyafuta.

Ndani ya nyumba sauti ya kizee ikauliza, "Hawa, ni nani anaongea na weye?"

Hawa alifungua mdomo amfiche mgeni wake, lakini Léontine akamtangulia. "Ni miye, Léontine. Mama ya Rehema."

Mama mkwe akasema, "Mupatie maji ya kunywa." Halikuwa ombi la msamaha, lakini Léontine aliyanywa yale maji mpaka chini.

Kuanzia nyumba ile alitembea kama mtu aliyetuliwa mzigo. Kila maulizo yalipokwisha, alikaa kidogo na mama waliochanjisha, akawauliza kilichowavusha kijito. Karibu wote walikuwa na mtu aliyewaeleza uso kwa uso: jirani, shangazi, muuguzi. Na wengi wasiochanjisha hawakuwa wakaidi hata kidogo. Maji na frigo ndivyo vilivyowashinda.

Siku ya kuitetea kazi yake, ukumbi ulijaa. Profesa mmoja mkali alimwinamia. "Madame, wewe ulikaa eneo lile. Haukubadilisha nyumba hata moja?"

"Hata moja, Prof."

"Haukuwa na ndugu kule? Haukuwa na maadui?"

"Nilikuwa nao wote. Na kura haikuwajua."

Ukumbi ulicheka, na yule mkali mwenyewe akacheka. Maprofesa walipotoka kushauriana na kurudi, wakamtangazia alama za juu kuliko zote za mwaka ule. Vigelegele vilipasua hewa. Glody alimmwagia Léontine kopo zima la poda kichwani, kama desturi ya kumshangilia aliyefaulu, Nathanaël akapiga makofi huku analia, watoto wakamng'ang'ania sketi, naye Léontine, mweupe kama aliyetoka kwenye kinu, alicheza kutoka ukumbini hadi barabarani.

Kiangazi kilipofika, wakuu wa afya walikubali ombi lake: timu ya chanjo ivuke kijito yenyewe, na meza iwekwe ng'ambo, kule mama waliko. Hawa alipita nyumba kwa nyumba tangu alfajiri akiwaita wenzake kwa majina. Léontine alisimama nyuma ya meza na sanduku la barafu, na mstari wa mama wenye watoto mgongoni ulianzia pale ukapinda nyuma ya nyumba, asiuone mwisho wake.

"Aliye mbele akaribie," alisema.