Miche Kando ya Njia ya Gatini

Nakumbuka vizuri sana, mwanangu, jinsi nilivyobeba jembe begani asubuhi moja, nikateremka mtoni kwenda kung'oa miche ya mitiki, nikarudi na nanasi. Cheka tu. Hata mimi ningecheka kama habari yenyewe ingeishia hapo.

Kaa hapa mkekani, mjukuu wangu, unisikilize. Juzi jioni nilikuwa nimejilaza ndani, nikakusikia barazani ukizungumza na yule bwana wa mjini tuliyemwazima shamba la mahindi. Alikuomba apande mikarafuu michache kando ya njia ya kwenda mtoni. Ukamjibu, "Panda tu, kaka, hakuna noma." Na jana nimeambiwa ameshapanda. Sikukuita nikugombeze. Macho yangu siku hizi yanaona mwanga na kivuli, basi, lakini masikio bado ninayo, na jibu lako limeninyima usingizi kwa sababu niliwahi kulitoa mimi mwenyewe, kwa maneno ya zamani zetu.

Wewe unaijua Kivukoni ya leo, nyumba zilizobaki na zile ambazo milango yake imepigiliwa misumari. Hukuiona tulipokuwa wasichana. Nyumba zilipangana ukingoni kuanzia msikitini mpaka kwenye miwa, na katikati yake ilishuka njia pana mpaka gatini. Gati lenyewe lilikuwa mawe makubwa yaliyopangwa na wazee ambao hata babu zetu hawakuwakuta, ngazi baada ya ngazi mpaka ndani ya maji, na nguzo ya mninga ya kufungia mitumbwi. Pale ndipo ndizi na iliki zilipopakiwa kuvuka kwenda gulio la Mkuyuni. Pale watu walitia udhu, walifua, walichota maji, walipokea maharusi na kuvusha maiti. Mpita njia ambaye hakuwa na ndugu hata mmoja kijijini alikaa kwenye mawe yale akala mkate wake, na hakuna aliyemuuliza ametoka wapi.

Ardhi ya kulia na kushoto mwa njia ilikuwa ya ukoo wetu, na kwetu, kama ujuavyo, ardhi hufuata tumbo la mama. Ila njia na gati havikuwa vyetu. Vilikuwa vya kila mwenye miguu. Ukoo wetu ulipewa kazi ya kuvilinda tu, na kulinda kitu kisicho chako ni kazi ngumu, maana hakuna anayekushukuru.

Mkuu wa ukoo alikuwa mjomba wangu Kobelo. Alikuwa mrefu, mkavu, mchache wa maneno, na macho yake yalikuwa yameingia mtoto wa jicho kama haya yangu. Kwa hiyo alinifanya mimi kuwa macho yake. Nilikuwa bado mbichi, na kichwa kikanivimba. Nilitembea kijijini shingo imenyooka kama niliyemeza mchi.

Ndipo akaja Bwana Shabani, dereva aliyechoka na barabara, akaomba sehemu ya kulima. Mjomba akampa kwa desturi: lima mahindi, lima mpunga, na kila mavuno lete ngoto, yaani kikapu cha mazao cha kukiri kwamba ardhi ina wenyewe. Alikuwa mtu mwema, nisimsingizie maiti. Ubaya wake ni ulimi mtamu tu. Wakati wengine waliniita "wee binti", yeye aliniita "mama mwenye ardhi". Siku mjomba alipokuwa amelala hospitali mjini, Bwana Shabani akaniomba apande mitiki kidogo pande zote mbili za njia, watu wapate kivuli wakienda gatini. Nani angekataa kivuli? Nikamwambia, "Panda tu, baba, hapana neno."

Mjomba aliporudi hakuchukua siku mbili bila kuambiwa. Akaniita. Hakupandisha sauti.

"Umempa mahindi au umempa mti?"

"Mti, mjomba. Ni miche tu, haijafika hata magotini."

"Mahindi ni mgeni, hulala akaondoka. Mti ni mwenyeji. Mwenye mti akisimama mbele ya watu akasema hapa ni pangu, utamwonyesha nini wewe? Leo umeizungushia njia ya watu mizizi. Ruhusa umeitoa wewe, siwezi kuivunja mimi kama vile huna maana. Chukua jembe. Nenda kamwambie ulikosea, uing'oe mbele yake, ingali inang'oleka kwa mkono mmoja."

Nikaenda. Wallahi nilikwenda na nia safi. Bwana Shabani aliponiona akainuka, akanipangusia kigoda kwa kanga ya mkewe. "Karibu, mama mwenye ardhi." Akanimenyea nanasi, akanifungashia jingine. Na mimi, mwanangu, niliona haya. Nilitazama ile miche, ilikuwa na majani mawilimawili, nikawaza: nitamwambiaje mtu huyu kwamba mwenye ardhi aliyempa neno jana leo ametumwa na mjomba wake kulirudisha? Akaniuliza jembe la nini. Nikasema nakwenda kuchimba viazi.

Nilipofika nyumbani mjomba alikuwa barazani, uso ameuelekeza kwenye sauti ya nyayo zangu.

"Umeng'oa?"

"Nimeng'oa, mjomba."

"Yote?"

"Yote."

Akanyoosha mkono, akanishika kichwa, akaniombea dua ndefu. Alisema Mungu anipe uzao na anipe heshima. Nimezeeka, nimezika mume na watoto wawili, na hakuna kilichowahi kuniuma kama dua ile. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ndefu, mwanangu, ilichukua umri mzima kufika.

Maana miti haikungoja nipate ujasiri. Kila msimu nilisema nitamwambia mjomba, na kila msimu shina lilinenepa na ulimi wangu ukazidi kuwa mzito. Walioiona miti walidhani mjomba ameiridhia mwenyewe, hawakumtajia tena. Nilipomshika mkono kumpeleka msikitini nilimzungusha nyuma ya nyumba, nikisema njia imejaa tope. Siku moja alikataa kuzungushwa. Tukapita katikati ya mitiki, akasimama.

"Mbona hapa pana ubaridi?"

"Ni mawingu, mjomba."

Akageuza uso juu kwa muda, akanipapasa bega, tukaendelea. Mpaka leo sijui kama alijua. Alikufa mwaka huohuo, na ngoto ya Bwana Shabani ikafa naye.

Sitakuchosha na yaliyofuata, mengine uliyaona ukiwa mdogo. Bwana Shabani naye akafariki, watoto wake wakamuuzia shamba tajiri mmoja wa mbali, wakasema baba yao alipanda miti kwa ruhusa na hakuna aliyemzuia. Tajiri akavuta senyenge toka mtiki wa kwanza hadi wa mwisho, pande zote mbili, akateremka nayo hadi majini. Njia ikawa ndani. Gati likawa ndani. Akaweka viti vyeupe juu ya mawe tuliyotilia udhu, wageni wake wakae wakitazama mto.

Tukaenda baraza la kata. Vijana wetu walinijia kabla, wakanisihi niseme ruhusa haikutolewa kamwe. Niliposimamishwa nikasema kweli: niliitoa mimi, niliambiwa niing'oe miche, sikuing'oa. Uongo mmoja kuhusu miti ile ulikuwa umenitosha. Lakini kweli iliyochelewa haina nguvu ya kweli iliyowahi. Mwenyekiti aliandika, akauliza kama ipo karatasi inayoonyesha njia. Karatasi! Njia iliyokuwepo kabla ya sisi kujua karatasi. Tukashindwa, na nilipotoka nje hakuna mtu wa Kivukoni aliyenitukana. Walinipisha tu nipite. Afadhali wangenitukana.

Rafiki yangu Tatu ndiye aliyekwenda kwenye geti la senyenge ile na mkungu wake wa ndizi kichwani, siku ya gulio, mvua za masika zikiwa zimepamba moto. Nilikuwa naye. Mlinzi alikuwa kijana wetu, tumemlea.

"Shikamoo bibi. Bibi, nimekatazwa. Mtanifukuzisha kazi."

"Marahaba, baba," Tatu akamwambia. "Kaa na kazi yako."

Tukapanda juu kwenye kona ya mto, ambako watu walikuwa wameanza kuvukia kwa lazima. Pale hakuna ngazi, ni mwamba wenye utelezi na maji yanayovuta. Mtumbwi ulikuwa umebakiza nafasi moja, nikamwambia Tatu apande, mimi nitasubiri wa pili. Alikanyaga mwamba, akanyoosha mkono apokewe, na sikumwona tena. Mkungu wa ndizi ulielea mbele ya gati, mbele ya vile viti vyeupe, ukanasa kwenye ile nguzo ya mninga. Yeye tulimpata siku ya tatu, mbali huko chini. Nilimwosha kwa mikono hii. Mchanga ulikuwa umejaa masikioni na kwenye nywele, nikautoa wote, chembe kwa chembe.

Baada ya msiba huo ndipo watu walipopanga mawe na viroba vya mchanga kule chini, kwenye kipande cha mwisho cha ukoo wetu, wakakiita gati. Si gati, ni kijigati. Lakini mtoto wa shule anavuka bila kufa. Nyumba zilizobaki zimebaki kwa ajili ya gati hilo, na likifungwa, hakuna tena Kivukoni. Na njia ya kulifikia ndiyo hiyo ambayo jana imepandwa mikarafuu.

Nakuusia hivi. Mwizi wa njia haji na rungu. Huja na adabu, na miche yenye majani mawili. Utu ni kumkaribisha mgeni, mpe maji, mpe sehemu ya kulima, kula naye, ila kile cha wote hukuachiwa ukigawe ili upendwe. Ukikosea, rudi siku hiyohiyo ukaaibike. Aibu ya asubuhi huisha kabla ya adhuhuri. Mimi niliikwepa, ikalipwa na Tatu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na sisi hata ukuta hatukujenga, tulijengewa. Majuto ni mjukuu, walisema wahenga. Basi mimi mjukuu wangu nimemkalisha mkekani mapema.

Jembe liko nyuma ya mlango. Nenda sasa hivi, jua halijawa kali. Mwambie bwana yule, "Kaka, nilikosea, ardhi hii naweza kukuazima, njia siwezi." Akikupa kigoda usikae. Akikupa tunda mwambie umeshakula.

Na ukirudi usiniambie umeng'oa. Mimi ni kipofu, na najua kipofu anavyoambiwa. Niletee hiyo mikarafuu, mche mmoja mmoja, uniwekee hapa kiganjani na udongo wake, niihesabu kwa vidole. Hapo ndipo nitakushika kichwa, nikuombee yote aliyoniombea mjomba Kobelo: Mungu akupe uzao, akupe heshima, na akuvushe salama. Dua ninayo tayari, mwanangu. Nakusubiri.