Barua za Edmonton Zilimfuata Zaragoza

Ummukulthum binti Matar aliingia London na wazazi wake akiwa na miaka minane, wakitokea Wete, Pemba. Haukupita mwaka Kiingereza kikamkaa ulimini kuliko wazazi wake wote wawili, na tangu hapo barua za nyumba yao ya Edmonton, kaskazini ya London, zikawa zake. Ya daktari, ya halmashauri, ya kampuni ya gesi, bahasha ikidondoka mlangoni tu, mama yake, Bi Zuwena, huita, "Ummu, njoo utusomee." Alisimama mbele ya maofisa kidevu chake hakijafika kwenye kaunta, akieleza maradhi ya baba yake kwa maneno ambayo mengine hata yeye hakuyajua vizuri.

Alipoingia chuo kikuu akachagua Kihispania. Zile sauti za "kh" na "th" zilizowatoa jasho wenzake, yeye alizijua tangu chuoni kwa mwalimu wa Kurani. Mwaka wa tatu kila mwanafunzi wa lugha ilimpasa akasome ng'ambo, naye akapangiwa Zaragoza, Hispania. Hiyo ilikuwa Septemba 2015. Wiki chache kabla, baba yake, Mzee Matar, alikuwa ameachishwa kazi ya kupanga vifurushi ghalani. Macho yalikuwa yameingia ukungu, nambari za vifurushi hazioni tena.

"Haya macho yatatazamwa," alimwambia binti yake. "Wewe kasome."

Wenzake waliporudi London siku za mapumziko walisimulia ngoma na fukwe. Ummu hakuwa na la kusimulia. Saa mbili asubuhi alikuwa darasani, na mihadhara haikwisha mpaka saa nane mchana. Wenyeji walikaa kula na kuzungumza bila haraka, yeye alikula mkate na mayai huku anatembea, maana saa kumi alitakiwa ng'ambo ya pili ya mto kuwafundisha Kiingereza watoto wawili wa mfamasia. Darajani upepo baridi wa mji ule ulimsukuma hata akalazimika kushika ukingo. Kutoka hapo, maktaba. Insha kila wiki, na kila Alhamisi kundi moja la wanafunzi lilisimama kueleza kazi yake mbele ya darasa zima.

Na katikati ya yote hayo, simu. Bi Zuwena alijifunza kupiga barua picha na kuzituma. "Ummu, hii yataka nini?" Ummu alijibu akiwa kwenye ngazi, akiwa foleni ya mashine ya fotokopi, akiwa na mswaki mdomoni. Mara nyingine hospitali ya London ilimpigia yeye moja kwa moja, akatoka darasani akiinama kama mwizi. Ikafika siku akafungua mdomo kuwasalimu watoto wa mfamasia, kikatoka Kiswahili. Wale watoto walicheka. Yeye alitaka kukaa chini pale pale sakafuni.

"Unazungumza vizuri," profesa wake mmoja, mama wa makamo, alimwambia. "Lakini humalizi sentensi. Kwa nini?"

Ummu alitabasamu, akaomba ruhusa, akaenda kujifungia chooni. Akakaa juu ya kifuniko, akasinzia dakika kumi.

Mwezi wa Februari ikaja barua waliyoingojea tangu Oktoba. Mzee Matar alikutwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili, na sasa siku ya kupasuliwa jicho la kulia ilikuwa imepangwa. Picha ya barua iliingia Ummu akiwa mlangoni kwa mfamasia, kidole kiko kwenye kengele. Akaitupia jicho, akampigia mama yake.

"Alhamisi tarehe tatu Machi, saa tatu asubuhi. Pale pale mlipokwenda mwanzo."

"Kuna ukurasa wa pili. Nikupigie picha?"

"Usijisumbue, mama. Huo huwa wa mambo ya kuegesha gari." Akabonyeza kengele.

Alhamisi hiyo ilikuwa zamu ya kundi lake kusimama mbele ya darasa. Alikuwa ameshika karatasi zake, wenzake wawili wamekwisha kusema, simu ikatetemeka mfukoni. Akatoka.

"Ummu, hapa hawana jina la baba yako," Bi Zuwena alisema. Nyuma yake zilisikika sauti za watu na mlango unaofunguka na kufungwa.

Alipoletewa picha ya ukurasa wa pili, hakuhitaji kuusoma mara mbili. Upasuaji ulikuwa katika hospitali nyingine, kusini ya mto Thames. Aliwaelekeza treni moja baada ya nyingine, basi, kituo cha kushukia. Walifika saa sita na nusu. Orodha ya siku ilikuwa imefungwa, wakapewa siku nyingine: mwezi wa Juni.

Mzee Matar aliomba simu.

"Hapana neno, mwanangu. Leo tumevuka mto, tumetembea. Umekula?"

Laiti angemgombeza. Ummu hakurudi darasani. Alikwenda chumbani kwake akalala na viatu mpaka jua likaelekea kuzama, macho makavu. Alichoka hata kulia hakuweza.

Likizo ya Pasaka alirudi Edmonton akijua atakuta lundo la bahasha. Jikoni akamkuta mama yake ameketi na Peris, jirani wa ghorofa ya chini, Mkenya wa Nakuru waliyefanya kazi pamoja katika nyumba ya kutunzia wazee. Mezani palikuwa na daftari, na barua moja tu imefunguliwa.

Ilivyokuwa, baada ya mkasa wa hospitali Bi Zuwena alimweleza Peris kila kitu, naye Peris hakumung'unya maneno. "Mama Ummu, huyo msichana mtamuua na hizi barua. Miaka yote hii mko hapa! Twende nikuandikishe masomo." Sasa kila Jumanne na Ijumaa, akitoka zamu, Bi Zuwena alikwenda kwenye darasa la Kiingereza la watu wazima kule maktaba.

Ummu alinyosha mkono kuichukua barua. Mama yake akaifunika kwa kiganja.

"Ngoja."

Akaanza kusoma, neno moja moja, kidole kikifuata mstari. Ilikuwa ya siku za kuzoa taka. Ummu alikwisha kuimaliza kwa jicho kabla mama hajavuka salamu, na vidole vilimuwasha.

"Mama, nipe nikusomee mara moja."

"Unarudi lini Hispania?"

"Jumapili ijayo."

"Basi mpaka Jumapili ijayo, lala."

Mzee Matar, aliyekuwa akimenya vitunguu kwa kupapasa, alicheka peke yake. Ummu alidhani siku kama hiyo ikifika atafurahi. Alijisikia kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani, na shingo bado inauma. Alilala siku mbili, akiamshwa kwa sala na kwa chakula.

Mwezi wa Juni, Ummu akiwa Zaragoza, baba yake alimpigia kumwambia jicho la kulia limeshapasuliwa, na kwamba alikuwa amesahau jinsi watu walivyo na mikunjo usoni. Bi Zuwena ndiye aliyezungumza na hospitali kwa Kiingereza chake cha makosa makosa, akahakikisha mahali na saa.

"Kwa nini hamkuniambia?" Ummu aliuliza.

"Ulikuwa na mtihani," baba yake alisema.

Alikasirika kutwa nzima, asijue hasira hiyo aielekeze wapi. Mtihani wenyewe alianguka, na mwingine pia. Ikabidi arudi Zaragoza Septemba kuirudia yote miwili. Matokeo yalipotoka ilikuwa Ijumaa alasiri. Alikuwa amepita, mtihani mmoja kwa ziada ya alama mbili tu. Akampigia mama yake.

Bi Zuwena alipokea kwa kunong'ona. "Niko darasani, mwanangu. Nikitoka nitakupigia."

Ummu akakaa kwenye benchi nje ya chuo, akasubiri.