Baba mkwe amechuma pilipili zangu na sikuweza kumwambia kitu

Baba mkwe ameondoka sasa hivi na mfuko mzima wa pilipili kali, na yeye anajua ni hoho.

Nimeona kila kitu kwa dirisha la jikoni.

Mlioolewa Kyela mnanielewa. Kwa wengine: huku mke haonani uso kwa uso na baba mkwe wake, wala hamsemeshi. Mzee akifika, mimi najificha jikoni.

Sasa leo katoka Mwaya, kakuta mume wangu ameenda dukani. Akaanza kuzunguka kwenye ndoo nilizopanda pilipili. Ni ile mbegu niliyotoka nayo kwetu Tanga, nyekundu, imejikunjakunja kama hoho ndogo. Ukiishika halafu ukajisahau ukagusa jicho, siku yako imeisha.

Akachuma moja, akajisemea, "Hoho zimekubali hizi."

Nikampigia mume wangu. Simu ikaita chumbani, ameiacha kwenye chaji.

Nikachukua mwiko, nikagonga sufuria kwa nguvu ili mzee aache.

Akatabasamu, akauambia ukuta wa jikoni, "Ndaga fijo." Ndiyo asante sana hiyo. Akachuma nyingine.

Nikagonga tena. Akatoa mfuko.

Jamani, kadiri nilivyogonga ndivyo alivyochuma.

Mume wangu amerudi, nikamsimulia, akacheka, halafu akaacha ghafla. Anasema baba huwa anatafuna hoho mbichi njiani.

Tunampigia. Hapatikani.

Hivi huku sufuria hugongwaje ikimaanisha acha?