Nilivyomwonyesha Bibi Liina kupiga makasia

Afadhali aibu hii niisimulie mwenyewe, maana Maman Neema wa kwaya yetu hapa Saint-Josse, Brussels, anaisimulia kila Jumapili, na kila Jumapili anazidi kutia chumvi.

Nilikuwa nimechoka na kazi ya kuhudumia wazee nilipoona tangazo: kisiwa kidogo cha Bahari ya Baltiki, wakazi kumi na mmoja, kinatafuta mchungaji wa kondoo (kondoo wakila matete ya ufukweni, ndege wanapata pa kutagia). Moyo wangu wote ukahamia huko. Mwenye kondoo, Bibi Liina, alikuwa amekuja Brussels kumtembelea binti yake, tukakutana mtaa wa Ixelles, karibu na bustani yenye bwawa, tukaongea Kifaransa cha kuokoteza, akaniuliza kama najua kupiga makasia, na mimi, mzaliwa wa Bukavu niliyevuka Ziwa Kivu mara mbili tu, zote nikitapika, nikajibu, "Maman, mimi ni muntu wa Kivu!"

"Vizuri," akasema, "twende bwawani ukanionyeshe."

Bon. Bustanini kuna mashua za kukodi, tukapanda. Kwetu mvuvi hutazama anakokwenda, basi nami nikakaa nikitazama mbele, nikavuta kwa nguvu zote, mashua ikarudi kinyumenyume ikagonga gati. Nikavuta tena upande mmoja (kushindwa mimi?), tukaingia majanini walikolala bata bukini, nao wakatujia shingo zimenyooka. Maman Neema, aliyekuwa akipita na wajukuu, akapaza sauti: "Papa Deo, geuka! Bazungu bote banakaa mugongo mbele!"

Badala ya kugeuka nikasimama, nikashika kasia moja kama wavuvi wetu, nikatumbukia.

"Au secours! Nakufa!"

"Papa, simama! Mayi iko ya magoti!" akaita Maman Neema kutoka ukingoni.

Nikasimama. Bustani nzima ilicheka, isipokuwa Bibi Liina. Alirudisha mashua mwenyewe, mimi nikimfuata kwa miguu kwenye tope.

"Kwetu daktari yuko ng'ambo ya maji," akaniambia, "na mume wangu ana ugonjwa wa moyo. Ungesema hujui, ningekufundisha kwa wiki moja. Sasa ulisema unajua. Siku akizidiwa, nimkabidhi nani?"

Niliona haya kuliko nilivyoona baridi.

Tangu siku hiyo kila Jumamosi niko bwawani, mgongo mbele, viganja vimetoka malengelenge. Nimemwandikia Bibi Liina: "Sijui bado, najifunza." Hajajibu. Kudai najua nisichokijua sitarudia maishani, na Jumamosi hii, ajibu asijibu, naenda tena.