Mita Kumi na Tano za Leni ya Sita

Kosa langu kubwa lilikuwa na urefu wa mita kumi na tano na sentimita sabini. Lilikaa kwenye nyasi za shule moja ya msingi, upande wa Eldoret unaoelekea mji mdogo wa Ziwa, kwa siku moja tu, kisha mvua ikaliosha pamoja na chokaa. Nilidhani limekwenda na maji.

Kazi yangu ilikuwa kujenga matangi ya saruji. Nilimaliza kidato cha nne na alama nzuri ya hesabu, na mbaya ya karibu mengine yote, kwa hiyo nilipokosa ofisi nilishika mwiko. Vitu vya mviringo ndivyo vilivyonilisha mimi na mke wangu na watoto watano. Kuna mkulima mmoja wa Burnt Forest aliyenilazimisha nimjengee tangi la pembe nne, ati litakaa vizuri kando ya ukuta wa jikoni. Nilimwonya. Akaniambia fundi ni wa kujenga, si wa kuonya. Mvua ya kwanza ilipojaza tangi hilo, lilipasuka kwenye pembe, zote nne, na mke wake akapata bwawa la bata asilolitaka. Maji yakifungiwa husukuma kila upande. Ukuta wa mviringo unaugawa mzigo huo, kila kipande kinashikwa na jirani yake, lakini ukuta wenye pembe unauacha mzigo wote umalizikie mahali pamoja. Hilo nililijua kwa mikono kabla ya kulijua kwa kichwa.

Kwa sababu ya sifa hiyo ya mviringo, walimu walikuja kuniomba niwachoree uwanja wa mbio. Huku kwetu kuchora uwanja ni heshima. Mtu anayeharibu mbio za watoto anaweza kukosa wa kumsalimia sokoni. Nilikubali kabla hawajamaliza kueleza.

Ugumu wa uwanja si ile sehemu iliyonyooka. Hiyo hata ng'ombe akiburuta kamba ataichora. Ugumu ni kona. Kiswahili chetu cha huku juu kina neno hilo moja kwa pembe ya chumba na kwa mpindo wa barabara, na nafikiri lilinichanganya, ingawa silisingizii. Kwenye pembe ya chumba unageuka mara moja, papo hapo. Kwenye kona ya uwanja unageuka kidogo kidogo, kila hatua inachukua sehemu yake, na mwili nao unalalia ndani kwa sababu wenyewe ungependa kwenda moja kwa moja mpaka kwenye shamba la mahindi la jirani.

Sasa, kila mkimbiaji ana njia yake, leni, na anayekimbia leni ya nje ana kona ndefu kuliko wa ndani. Ili wote wakimbie sawa, wa nje anaanzia mbele. Mistari hiyo ya kuanzia, ukiitazama kutoka mbali, inapanda kama ngazi, na ndivyo tulivyoiita: ngazi. Nilikuwa nimewahi kusaidia kuchora uwanja mkubwa wa mita mia nne wenye leni za upana wa mita moja, na kwenye daftari langu niliandika kwamba kila leni husogezwa mbele mita sita na sentimita ishirini na nane kuliko ile ya ndani yake. Uwanja wa shule hii ulikuwa wa mita mia mbili, nusu kamili. Leni zilikuwa na upana uleule. Nikawaza: uwanja nusu, kona nusu, basi na ngazi nusu. Nikaandika mita tatu na sentimita kumi na nne, nikajipongeza kwa akili yangu, nikamwaga chokaa. Mistari ilikuwa mizuri sana. Mwalimu mkuu alisema inafaa kupigwa picha.

Siku ya mbio, kila mtu alijua nani atashinda mzunguko mmoja wa wasichana. Alikuwa mtoto wa mama mmoja muuza maziwa, mrefu, mwembamba, ambaye kila asubuhi alitoka nyumbani wa mwisho na kufika shuleni wa kwanza. Kura ilimpa leni ya sita. Watatu wa kwanza ndio wangechaguliwa kwenda kushindana wilayani. Mbio zilianza, na kwenye kona ya kwanza nilimwona hawaachi wenzake nyuma kama tulivyotarajia. Kwenye mita za mwisho aliruka kama aliyemwagiwa maji ya moto, lakini alifika wa nne, akikosa nafasi kwa upana wa kifua. Wa kwanza alikuwa wa leni ya kwanza. Wa pili, leni ya pili. Wa tatu, leni ya tatu. Mimi, mtu wa hesabu, nilikuwa nimesimama pale na sikuona kitu.

"Huyu miguu anayo," mwalimu mmoja alisema, "lakini kona zinamshinda."

Watoto wakalidaka neno hilo. Alipopita walimwimbia: "Kona! Kona zimekushinda!" Yeye alitazama chini, akaenda kuchukua sweta yake.

Miezi michache baadaye nilikuwa kazini karibu na Moi's Bridge, kwa mkulima mwenye matangi mawili yaliyokuwa yakivuja, moja dogo la ndama na moja kubwa la nyumbani. Niliamua kuyavika yote mawili ukuta mpya wa unene wa vidole vinne. Nilipima waya wa kuzungushia tangi dogo: ulihitaji kuzidi ule wa zamani kwa nusu mita hivi. Nikasema kubwa litataka nyongeza ya mita moja na nusu hata zaidi. Nikapima. Nusu mita hivi. Nikapima tena. Nusu mita. Mimi sinywi pombe, lakini nilinusa chai yangu.

Nilikaa juu ya mfuko wa saruji, nikachora ardhini kwa msumari. Ukitoka nje ya duara kwa vidole vinne, upana wake unaongezeka vidole vinne huku na vinne kule, vinane basi. Zidisha hivyo vinane kwa tatu nukta moja nne, hiyo ndiyo nyongeza ya mzunguko. Ukubwa wa duara lenyewe hauulizwi popote. Tangi la ndama au dunia nzima, nyongeza ni ileile. Na uwanja wa mbio, ukiondoa sehemu zilizonyooka, kona zake mbili zikiunganishwa ni duara moja tu.

Hapo ndipo msumari uliponitoka mkononi. Ngazi haikutakiwa kukatwa nusu. Leni ya sita ilitakiwa kusogezwa mbele mita thelathini na moja na sentimita arobaini, na mimi niliipa nusu yake. Yule mtoto alikimbia karibu mita kumi na sita zaidi ya yule wa leni ya kwanza, na akakosa nafasi kwa kifua.

Msimu uliofuata nilirekebisha ngazi kimyakimya. Chokaa niliirekebisha, neno la mwalimu nikaliacha lisimame. Kila mwaka nilisema nitamtafuta yule msichana, na kila mwaka nilipata tangi la kujenga. Nilisikia ameacha mbio. Nilimweleza mke wangu peke yake.

"Mwambie," alisema.

"Nitamwambia."

"Wewe unajua kuzunguka kuliko matangi yako."

Alinikumbusha hivyo kwa miaka mingi, kila aliponiona nimebeba chokaa.

Msimu uliopita nilikuwa uwanjani huohuo, siku moja kabla ya mbio, nikimwaga chokaa taratibu kwa sababu goti langu la kushoto lina maoni yake. Akaja mama mmoja mrefu, amevaa gambuti zenye matope ya zizi, nyuma yake msichana mwenye miguu ileile niliyoikumbuka. Nilimjua kabla hajafungua mdomo. Siku hizi ana ng'ombe na mahindi yake njia ya Ziwa, na binti yake anasoma shule hiyo.

"Mzee, bado unachora tu?"

"Nitachora mpaka chokaa iishe Kenya."

"Basi usijichoshe na hiyo leni ya sita. Mtoto wangu ndiye amepewa, na nimekuja kumwondoa."

"Kwa nini, Mama?"

"Kwetu kona zinatushinda. Mimi mwenyewe nilijaribu hapahapa, watu wakacheka. Yeye akimbie zile za porini, hazina kona."

"Mama, hata za porini ziko na kona," binti alisema.

"Nyamaza wewe. Hizo ni za miti."

Binti alinitazama kama mtu anayetafuta wakili. Mwalimu wa michezo alikuwa hatua chache tu, na karatasi ya majina mkononi. Nilielewa kwamba neno nililoliacha lisimame lilikuwa sasa linataka kumfuta mtoto wa pili.

"Unajua, Mama," nilianza, "mambo haya ya mviringo, ukiyatazama, yana tabia fulani, kwa mfano tangi..."

"Mzee, mbona unapiga kona? Sema."

Nikasema. Nilimwambia kuhusu daftari, nusu, na ngazi. Nilimwambia kwamba siku ile hakushindwa na kona, alishindwa na mimi, na kwamba nililijua hilo tangu yeye hajamaliza shule. Sikutia neno la kujitetea, ingawa nilikuwa nayo mawili matatu tayari mdomoni.

"Rudia hiyo ya mita," alisema.

"Kumi na tano na sentimita sabini."

Alikaa kwenye nyasi. "Mimi nimekataa kujifunza gari," alisema polepole. "Bwana yangu ametaka kunifundisha mara ngapi. Nikamwambia mimi na kona hapana. Natembea na maziwa kwa miguu mpaka barabarani kwa sababu yako?"

"Kwa sababu yangu."

"Na ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

Hakuniambia si kitu, na nashukuru, kwa sababu ilikuwa kitu. Aliinuka, akachukua tepu yangu bila kuomba. Tulipima ngazi yote upya, leni kwa leni, yeye akishika mwanzo na binti akishika mwisho, mimi nikisoma. Kwenye leni ya sita alisoma mwenyewe, mara mbili. Thelathini na moja na arobaini. Kisha akavuta tepu tena, akaweka kigingi mahali pa mstari wangu wa zamani na kingine kwenye mstari wa haki. Kati ya vigingi hivyo ndipo zilipokuwa mita zake.

"Haya, Mzee. Zikimbie."

"Mama, goti..."

"Mimi nilizikimbia na nilikuwa na miaka kumi na tatu. Kimbia, si kutembea."

Nilimpa binti kofia yangu, nikakimbia. Sijui kama neno kukimbia linafaa; mwalimu wa michezo alisema baadaye alidhani nafukuzwa na nyuki. Watoto waliokuwa wakifyeka nyasi waliacha kazi wakapiga makofi. Nililalia ndani kwenye kona kama inavyotakiwa, nikakaribia kuanguka, nikasimama nikihema na mkono kwenye kiuno, nikiwa na hakika nimelipa.

"Bado sentimita sabini," alisema.

Nikazimaliza. Ndipo alipocheka, kicheko cha mtu aliyekiweka muda mrefu, na binti yake akacheka, na mimi nikacheka kadiri pumzi ilivyoruhusu. Alimgeukia mwalimu wa michezo. "Huyo mtoto wangu muache hapo kwa leni ya sita."

Kesho yake binti alikimbia. Alitoka kwenye kona ya pili akiwa mbele, kabisa mbele, mama yake akipiga kelele na gambuti moja mkononi, sijui aliivua kwa nini. Kisha, mita chache kabla ya kamba, wawili wakampita. Alifika wa tatu, na wa tatu bado anachaguliwa, lakini alikuja kwetu machozi yamejaa.

"Nilitazama nyuma," alisema. "Nilitaka kuona kama wananifikia."

Mama yake akanigeukia haraka. "Mzee, ngazi ilikuwa sawa?"

"Ulipima mwenyewe, Mama."

"Nilipima." Akamshika binti mabega, akamfuta uso kwa kanga, akitabasamu kama aliyeshinda yeye. "Basi hilo ni kosa lako mwenyewe. Kosa lako kabisa. Utalirekebisha."

Kisha akanipa gambuti ile nimshikie, akaenda kuuliza siku ya mashindano ya kaunti.