Mpira wa Kupita Kichuguu

"Munipe mutu yeyote, hata karani wa kitambi," Beya alitangaza mbele ya baa nzima ya klabu ya golfu ya Kolwezi, "kisha siku kumi mupira wake utapita kile kichuguu."

Hapo wazungu wa mgodi walikuwa wangali wakinunua bia. Beya alikuwa amewabebea fimbo miaka kumi na minane, na kwa kuwatazama wakikosea aliujua mchezo kuliko wao. Kichuguu kilisimama hatua mia moja na hamsini kutoka mahali pa kuanzia. Wanafunzi wa golfu walikiogopa kama mama mkwe.

Halafu mgodi ukaanguka, wazungu wakaenda, na mwaka 1993 watu wenye asili ya Kasai wakaambiwa warudi kwao. Beya alihesabiwa mmoja wao, ingawa alizaliwa Kolwezi. Kasai aliisikia redioni tu. Hata hivyo akajikuta stesheni, chini ya turubai, na mke wake Ndaya na watoto watatu, wiki ya tano wakingoja treni. Mdogo wao, Darlène, alikohoa usiku na mchana. Turubai la jirani lilikwisha kuzika wawili.

Aliyegawa nafasi za mabehewa ni karani wa stesheni, Séraphin Kalumba. Injinia mmoja aliyekimbia alimwachia fimbo zake za golfu, na Jumapili ya wiki iliyofuata Kalumba angecheza na wakubwa wapya wa mji. Shida ni kwamba mpira wake haukufika hata nusu ya njia ya kichuguu. Akamtafuta Beya, ambaye majivuno yake ya baa yalijulikana mji mzima. Mpira ukipita, familia itapanda behewa lenye paa Jumatatu. Usipopita, wangoje kama wengine.

Beya hakubembeleza. Alimwomba apige mara moja, akacheka kwa pua.

"Shefu, unapiga kama unavunja jiwe mu mugodi ya Mashamba. Ule mupira haukukukosea kitu."

Kosa lilikuwa lile lile la kila mwanafunzi wa pale: nguvu zote zinaishia juu, fimbo inafika chini imechoka. Beya aliweka mpira juu ya kijiti kirefu, usawa wa kisigino cha kushoto, ili fimbo iukute ikianza kupanda. Akampanua miguu. Akamtaka ageuke mpaka mgongo uangalie kichuguu, na ashike fimbo kama anashika kifaranga. Kisha akaipindua ile fimbo, Kalumba aishike upande wa kichwa, aipunge hewani na kusikiliza. Sauti ya fyuu ililia karibu na sikio. Beya aliitaka chini, mbele ya mguu wa kushoto. Siku baada ya siku Kalumba akapunga, wapita njia wakidhani anafukuza nyuki. Siku ya sita fyuu ikateremka.

Jumapili, mbele ya wakubwa, mikono ya Kalumba ikakakamaa. Beya, mfuko begani, alimwambia neno moja tu: polepole. Mpira ukapanda, ukapita kichuguu, halafu ukapinda kuume mpaka majanini.

Kalumba akafurahi kupita kiasi, na hapo ndipo balaa. Mama na batoto watapanda, alisema, lakini mwalimu abaki. Atamficha kwake mpaka mpira uache kupinda.

Beya akawaza. Ndaya peke yake, na mtoto wa kikohozi, mpaka mji asioujua? Akauweka mfuko chini.

"Dawa ya kupinda iko. Ni maneno kidogo tu. Nitakuambia nikiwa mu mulango ya behewa, treni ikitembea."

"Na nikikatala?"

"Utapinda mbele ya bakubwa kila Siku ya Mungu, shefu."

Jumatatu walipanda wote watano. Treni ikatikisika, Kalumba akakimbia kando yake, daftari kwapani. Beya akainama mlangoni.

"Geuza mukono ya kushoto kuelekea kuume, kidogo, mpaka uone fundo mbili za bidole. Ni ile tu."

Kalumba akasimama katikati ya mawe ya reli, akiitazama ngumi yake.

Mwene-Ditu, mji wa Kasai waliposhuka, hakukuwa na golfu. Kulikuwa na kaka wa Ndaya, mwenye kipande cha shamba ambacho hakijalimwa. Darlène alilala usiku kucha bila kukohoa, na asubuhi Beya akaenda sokoni kutafuta jembe. Jembe bila mpini lilikuwa zaire milioni tatu, fedha za siku hizo; akalinunua, mpini angechonga mwenyewe.